Jinsi ya kuchunguza kaburi la baharia: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Kisumu

Ukiona nanga imechongwa kwenye jiwe la kaburi huku Nyanza au Nakuru, usidhani fundi alikosea. Mabaharia walifika bara mapema. Meli ya William Mackinnon ililetwa Kisumu vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo, zote za Reli ya Uganda. Vita vilipozuka 1914 baadhi yake zilifungwa mizinga, na Juni 1915 askari walipandia meli Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba. Katika vita vya pili, kundi la Mashariki la manowari za Uingereza lilihamia Kilindini mwaka 1942, na wanamaji wakatawanyika hadi bara. Hata Nairobi kulikuwa na karakana ya kutengeneza ndege za jeshi la majini, ikiitwa HMS Korongo (HMS ni herufi zinazotangulia majina ya meli za kivita za Uingereza).

Mimi ni fundi wa mawe ya makaburi. Familia hunijia na picha moja ya simu, imetiwa ukungu, zikiuliza: huyu alikuwa nani? Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Ruhusa

Makaburi ya umma yako chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo anzia ofisi ya kaunti inayoyasimamia. Ya kanisa, muone kasisi. Kaburi lililo ndani ya boma la watu ni la wenye boma. Huingii na kamera kabla ya kuketi na wazee na kusema shida yako. Na popote uendapo, msalimie mlinzi kwanza. Mara nyingi anajua kilichong'olewa na kilichohamishwa, mambo ambayo daftari la ofisi halina.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa chochote

Washa huduma ya mahali kwenye simu ili kila picha ibebe eneo lake. Piga mbele, nyuma, ubavuni, kisha rudi nyuma upate na makaburi jirani. Weka rula kando ya jiwe kwenye picha mojawapo. Usifyeke wala usisugue kwanza: kigingi kidogo cha chuma kilichofichwa na nyasi huenda ndicho chenye nambari ya kaburi.

Maandishi yaliyolika husomwa kwa mwanga wa ubavuni, na hapa Kisumu tuna bahati. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huteremka juu ya jiwe lililosimama kana kwamba linalilamba kutoka juu hadi chini, na kila herufi hutupa kivuli chake. Jiwe linalotazama mashariki lisome kuanzia saa tano hivi hadi jua linapokaribia utosi. Linalotazama kaskazini, ngoja miezi ya katikati ya mwaka, jua linapopita upande huo. Miezi hiyo hiyo, linalotazama kusini litakuwa kivulini, na hapo utahitaji mtu wa kukushikia kioo cha kujitazamia akurushie mwanga kutoka ubavuni. Jiwe lililolazwa chini ni kinyume: lisome alfajiri au jioni. Wanaopaka chaki au unga ili herufi zionekane wanaacha uchafu ndani ya vitundu vya jiwe. Kioo kinatosha.

Hatua ya 3: Soma nembo, herufi na nambari

Usiikimbie hatua hii. Nanga iliyozungukwa na kamba ni ya jeshi la majini la Uingereza. Tufe la dunia ndani ya shada la majani ni la Royal Marines, yaani askari wa melini. Mabaharia wa meli za biashara wana nembo yao tofauti.

Kisha tazama herufi baada ya jina. R.N. ni jeshi la majini la kudumu. R.N.R. ni akiba, watu ambao kazi yao ya kawaida ilikuwa ubaharia wa meli za biashara. R.N.V.R. ni raia waliojitolea, na ukiona K mbele yake, K.R.N.V.R., huyo ni wa kikosi cha kujitolea cha Kenya. Huyo wa mwisho anaweza kuwa mkulima wa Njoro au karani wa bandari, kwa hiyo habari zake zitafute Kenya kwanza.

Kwa waliokufa katika vita vya pili, nambari ya utumishi inasema mengi. Herufi ya kwanza ni bandari aliyosajiliwa: P ni Portsmouth, C ni Chatham, D ni Devonport. Herufi zinazofuata ni kazi yake: JX ni wa sitaha na mawasiliano, KX ni wa chumba cha injini, MX ni mafundi, wapishi na wengineo. Mtu mwenye D/KX basi alikuwa wa tanuri na injini, chini ya Devonport. Maofisa hawakuwa na nambari. Kwao utapata cheo na jina tu.

Mtego mkubwa uko kwenye HMS. Si kila HMS ni meli. HMS Tana ilikuwa kituo cha nchi kavu huko Kilindini, na HMS Korongo nimekwisha kuitaja. Familia husoma HMS na papo hapo mtu wao ameshazama baharini, kumbe huenda alikufa kwa malaria hospitalini.

Mwisho, tarehe ya kifo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, inahusika na waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Nahodha wa meli za ziwani aliyefariki 1908 hayumo kwao hata kidogo; alikuwa mtu wa reli.

Hatua ya 4: Kusafisha, au kuacha

Jiwe la CWGC, lile la kimo cha sentimita 81 na upana wa 38, usilisafishe. Wana watu wao. Waandikie na uwatumie picha. Utaratibu ni huo huo kwa makaburi ya vita ya Gilgil.

La familia, ukiwa na ruhusa: ligonge taratibu kwa kidole. Likitoa sauti ya uwazi, tabaka la juu limeachana na la ndani, liache. Likiwa zima, lilowanishe kwa maji matupu, kisha sugua kwa brashi laini kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi kwenye jiwe kavu. Uchafu wa ndani ya herufi utoe kwa kijiti cha mti. Siki, limau, dawa ya choo na jiki ni marufuku: marumaru na mawe ya chokaa huyeyushwa na asidi, na chumvi za jiki hubaki ndani zikilipasua jiwe polepole. Brashi ya waya na mashine ya kuoshea magari usizisogeze hata karibu. Ufa usiuzibe kwa simiti, maana ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na litapasuka kando yake. Tumia chokaa na mchanga.

Kupaka herufi rangi nyeusi upya? Mimi hukataa. Mpakaji asiyeona vizuri hugeuza 3 kuwa 8, na baada ya hapo kila mtu hunakili kosa lake.

Hatua ya 5: Linganisha na orodha

Tovuti ya CWGC ina utafutaji wa bure. Chagua Kenya kama nchi na jeshi la majini kama kikosi. Asiye na kaburi ila bahari ameandikwa kwenye mnara wa bandari yake, Portsmouth, Chatham au Plymouth. D ya Devonport inakupeleka Plymouth. Wengi wa meli za biashara wako Tower Hill, London. Wa ndege za majini wako Lee-on-Solent. Kumbukumbu za utumishi za enzi ya vita vya kwanza ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza: tafuta mafaili ya ADM 188 kwa mabaharia wa kawaida, ADM 196 kwa maofisa.

Familia za magharibi mwa Kenya zinazosema "babu alizama baharini" nazishauri zianze kwingine. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944, wakafa karibu watu 1,300. Miongoni mwao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao ni askari wa nchi kavu, kwa hiyo hawamo kwenye minara ya mabaharia. Wako kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Hatua ya 6: Jina lisipopatikana

Usikate kauli kwamba hakuwepo. Ripoti ya CWGC yenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hapo nenda nyumbani kwao. Miongoni mwa Waluo, aliyezama na mwili usipatikane huzikwa tunda la yago, yaani mwegea, badala yake. Kaburi hilo huenda halina jiwe wala nanga, lakini ni ukumbusho kamili, na wazee wataweza kukuonyesha lilipo. Lipige picha kwa ruhusa, uandike nani alikuonyesha na lini.

Hatua ya 7: Faili

Nakili maandishi mstari kwa mstari kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mwisho wa mstari weka mkwaju (/), na herufi isiyosomeka weka nukta ndani ya mabano ya mraba, usibahatishe. Nakala moja ipe familia, nyingine msimamizi wa makaburi. Majina na simu za jamaa walio hai yasiingie mtandaoni bila idhini yao, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda, na wengine wana kesi za mashamba ambazo hutaki picha yako iwe kielelezo.