Jinsi ya kuangalia shoti treki mpaka uelewe kwa nini dhahabu ya Bradbury haikuwa ya kuokota

Kama shoti treki, zile mbio za kuteleza kwenye barafu kiwanja kidogo, huzielewi, anza na fainali ya wanaume mita 1000, Olimpiki ya baridi Salt Lake City 2002, ile aliyobeba dhahabu Steven Bradbury wa Australia. Itafute YouTube, uicheki mara mbili.

Mara ya kwanza angalia mchezo wenyewe tu. Mzunguko ni mita 111 na kidogo, kwa hiyo wanapiga mizunguko 9, hakuna njia ya mtu binafsi, wote wanagombania humohumo, na muda hauna kazi sana, kinachoangaliwa ni bledi (kile chuma chenye makali chini ya kiatu) ya nani imefika mstarini kwanza. Ukimuona mtu kajibanza nyuma ya mwenzie usidhani kachoka, anakwepa upepo ili abaki na nguvu za mwisho. Kwenye kona tazama mkono wa kushoto unavyogusa barafu, mwili umelala kabisa, hapo ukiguswa kidogo tu umeenda, na mara nyingi unaenda na wenzio.

Mara ya pili achana na wa mbele, mkazie macho Bradbury. Robo fainali alikuwa wa 3, akapita baada ya refa kumwondoa Marc Gagnon. Nusu fainali wenzie wakaanguka, akapita tena. Fainali akakaa nyuma makusudi kabisa, maana alijua kwa kasi yeye hawezi kuwashinda wenzie na miguu yake ilishachoka, afu kona ya mwisho wapinzani wake wanne, Ohno, Li Jiajun, Turcotte na Ahn Hyun-soo, wote chini, yeye huyoo kapita. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya baridi kwa nchi ya kusini mwa ikweta.

Watu wanasema bahati, mi nakataa kabisa. Mwaka 1994 Montreal bledi ya mwenzie ilimchana paja akashonwa nyuzi 111, 2000 akavunjika shingo mazoezini, na bado akarudi kwenye barafu ileile! Mwenyewe alisema medali ile anaichukua kwa ajili ya miaka kumi ya kusota, sio kwa ile dakika moja na nusu.

Ukishamaliza hamia kwa Ahn, yule dogo wa miaka 16 aliyeanguka. 2006 Torino alibeba dhahabu 3 za Korea Kusini, 2014 Sochi nyingine 3 akiwa Mrusi, jina Viktor Ahn. Huyo muangalie anavyowapita watu kwa nje ya kona.