Kabla hujanunua mche, angalia kwanza kilichojiotea uwani (kwa watu wa Moshi)

Jamani, masika ikikaribia kila mtu anakimbilia kununua miashoki na maua ya kupanga getini, na huku nyuma kijana wa kufyeka anamaliza miti ya asili iliyoota yenyewe kwenye ploti, tena ya bure kabisa. Inaniuma sana hii. Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo kupanda, ni kujua usifyeke nini.

Zunguka ploti taratibu, hasa kwenye kona za fensi na chini ya nyaya za umeme, maana ndege wanatua pale na kudondosha mbegu. Mringaringa, mmoja wa hiyo miti ya asili, utaujua kwa jani, pana halafu ukilipitishia kidole linakwaruza kama msasa laini. Wangu ulijiotea kwenye ufa kati ya ukuta na karo, urefu wa kiganja tu, nikaufunga kitambaa chekundu nikamwonyesha anayefyeka, kwa sababu mwaka wa nyuma yake mwenzake ulienda na panga asubuhi moja na wala sikumwambia mtu kitu. Kama umeota pabaya uhamishe wakati wa mvua, jioni, chimba na bonge kubwa la udongo usiguse mizizi, punguza majani kama nusu hivi ili usinyauke.

Ukitaka kuongeza, omba mbegu kwa wenye vihamba (yale mashamba ya migomba na kahawa) huko juu mlimani, wana miti kama mruka wa kivuli cha kahawa na msesewe ule wa kutengenezea mbege, pombe ya ndizi. Mbegu za mringaringa zina nyama inayonata, loweka uzisugue hadi zitakate, afu uwe na subira maana zinachelewa kuota. Masale, ule mmea wa majani marefu wa kuweka mipaka, ndo rahisi kuliko vyote, kata kipande chomeka, na fensi ya masale kwa kweli ni nzuri kuliko ukuta. Mkuyu weka mbali na nyumba, mizizi yake haina mchezo.

Gugu karoti ling'oe kabla halijatoa vile viua vyeupe, vaa glavu na funika pua, linawasha na wengine linawaletea pumu. Lantana nalo ni gugu, chimba mpaka shina la chini, ukikata juu tu linarudi. Na kama ploti yako inagusa mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, basi pale usilime wala usijenge, acha paote penyewe.

Usimwage zege uwani kote, acha hata kona moja ya udongo. Masika ikiisha toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, igeuze kichwa chini kando ya mche idondoshe maji polepole, zungushia miiba kama kuna mbuzi wa jirani, na kile kitambaa chekundu usikitoe mpaka mti ukuzidi kimo.