Somo: Damu ya pua msimu wa baridi kavu

Hewa ya baridi ina unyevu kidogo, na ukiwasha hita ndani inakauka zaidi. Ngozi laini ya ndani ya pua inafanya magaga na kupasuka. Mara nyingi damu hutoka mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili, ambako mishipa midogo imejaa juu juu. Ndiyo maana kubana kunasaidia.

Ikianza kutoka:

1. Kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo. Usiangalie juu! Wengi tulifundishwa hivyo utotoni, lakini damu inashuka kooni, unaimeza, kisha unatapika.

2. Bana sehemu laini ya pua kwa kidole gumba na cha shahada, matundu yote mawili, chini ya mfupa. Ukibana mfupa unajichosha bure.

3. Pumua kwa mdomo. Damu iliyoingia mdomoni iteme.

4. Tazama saa: dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Dakika ya pili anachungulia, ya nne anachungulia tena, na kila akiachia anabandua damu iliyoanza kuganda. Haijakata? Rudia mara moja tu.

Ikikata, usipenge kamasi wala kuchokonoa pua siku nzima.

Ikipita nusu saa, ikitoka kwa wingi, ukipata kizunguzungu, au imeanza baada ya kuumia kichwa, nenda hospitali.

Kinga: paka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye mlango wa pua asubuhi na usiku, na kata kucha, hasa za watoto.

Maswali

Mwanangu wa miaka mitano hutokwa na damu usiku akiwa amelala. Nimwamshe?
Mwamshe, mkalishe, umbane wewe mwenyewe. Asubuhi angalia kucha zake; huenda anachokonoa usingizini. Ikijirudia kila wiki, mpeleke kwa daktari. Aliye chini ya miaka miwili apelekwe hata kama ni mara ya kwanza.

Nizibe kwa pamba?
Hapana. Ukiivuta inatoka na gaga, unaanza upya.

Baba anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Aziache?
Asiziache bila kuongea na daktari wake. Abane kama kawaida, ila msisubiri nyumbani: nendeni hospitali huku anabana.