Jinsi ya kusoma matokeo ya Seneti ya Marekani bila kumtangaza mshindi kabla ya wakati

Zamu ya usiku wa uchaguzi wa Marekani nimeifanya mara kadhaa kwenye dawati la habari za kimataifa, na mwaka 2018 niliiharibu. Arizona ilikuwa bado inahesabu, Martha McSally wa Republicans yuko mbele, nami nikamwandikia kichwa cha habari cha ushindi. Siku chache baadaye Kyrsten Sinema wa Democrats akamshinda. Mhariri aliniita ofisini akafunga mlango. Utaratibu huu nimeuandika baada ya kikao kile. Mifano naichukua kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula wa Novemba 8, 2022, maana mitego yote ilikuwemo.

Hatua ya 1: Usianzie sifuri

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Seneti ina viti 100, viwili kila jimbo. Seneta anakaa miaka 6, lakini kila baada ya miaka 2 ni takriban theluthi moja tu ya viti inayopigiwa kura. Mwaka 2022 vilikuwa 35. Vile 65 vingine vina wenyewe, na lazima uviandike kwanza: Democrats 36, Republicans 29. Kwenye hao 36 wamo Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine, ambao hawana chama ila wanakaa upande wa Democrats.

Sasa piga hesabu ya kinachotakiwa. Democrats walihitaji viti 14 tu kufika 50, kwa kuwa kura zikifungana Makamu wa Rais, wakati ule Kamala Harris wa Democrats, ndiye anayeamua. Republicans walihitaji 22 ili wafike 51. Usiku ule Republicans walikuwa wanatetea viti 21, Democrats 14.

Mwishoni Republicans walishinda viti 20 na Democrats 15. Ukiandika hivyo tu, msomaji wa Tanga au Mombasa ataelewa kwamba Republicans wamechukua Seneti. Jumlisha na vile vya mwanzo: 49 kwa 51. Waliopata viti vichache usiku ule ndio waliobaki na Seneti.

Hatua ya 2: Chagua majimbo ya kukesha nayo

Viti vingi havina ushindani, vinatangazwa dakika chache baada ya vituo kufungwa. Achana navyo. Mwaka ule nilibaki na matano, nikayapanga kwa saa ya kufunga vituo, kwa saa zetu za Afrika Mashariki:

Georgia, saa 9 usiku.
Pennsylvania, saa 10 alfajiri.
Wisconsin na Arizona, saa 11 alfajiri.
Nevada, saa 12 asubuhi.

Kwa hiyo anayesubiri Nevada ajue atakunywa chai kabla hata kura ya kwanza haijasomwa. Lala mapema jioni, uamke saa 8.

Hatua ya 3: Uliza ni kura zipi zinazohesabiwa

Kila jimbo lina sheria zake. Florida hutoa kura za mapema na za posta ndani ya nusu saa baada ya vituo kufungwa. Pennsylvania hairuhusu bahasha za posta kufunguliwa kabla ya saa 1 asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi, kwa hiyo mzigo unaburuzwa hadi usiku. Nevada ilipokea bahasha hadi siku nne baada ya uchaguzi, ili mradi zina muhuri wa posta wa siku ya kupiga kura au kabla.

Kwa miaka hii Democrats wengi wamekuwa wakipiga kwa posta, Republicans wengi wakienda kituoni. Ndiyo sababu namba hupanda na kushuka bila mtu kuiba chochote. Kule Nevada Adam Laxalt wa Republicans aliongoza siku kadhaa. Bahasha za Clark, kaunti yenye Las Vegas, ziliendelea kumla kidogo kidogo, na Jumamosi Novemba 12 Catherine Cortez Masto wa Democrats akampita. Tofauti ya mwisho haikufika kura 8,000.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kura zilizobaki

Kuongoza peke yake hakukwambii kitu. Chukua kura zilizobaki, ongeza tofauti iliyopo, gawa kwa mbili, kisha gawa tena kwa zilizobaki. Mfano wa kutunga: aliye nyuma ameachwa kwa kura 9,000, na zimebaki 60,000. 60,000 na 9,000 ni 69,000. Nusu yake ni 34,500. Anahitaji asilimia 57.5 ya zilizobaki ili wafungane. Kama bahasha za kaunti ile zimekuwa zikimpa asilimia 62, aliye mbele hana raha.

Na ile "asilimia 95 zimehesabiwa" kwenye skrini ni makadirio. Hakuna anayejua bahasha ngapi bado ziko njiani.

Hatua ya 5: Jua nani anatangaza

Hakuna tume ya kutangaza matokeo ya Marekani nzima kama IEBC ya Kenya, wala ukumbi kama Bomas wa kukusanyikia. Kila jimbo linathibitisha matokeo yake baada ya siku au wiki. Wanaotaja washindi usiku ule ni vyombo vya habari, na shirika la habari la AP (Associated Press) limekuwa likikusanya kura tangu mwaka 1848. Andika "kwa mujibu wa AP, ameshinda". Neno "ametangazwa rasmi" liache kwanza.

Hatua ya 6: Usifunge faili

Georgia inadai zaidi ya nusu ya kura. Raphael Warnock wa Democrats alipata asilimia 49.4, Herschel Walker wa Republicans 48.5, na Chase Oliver wa chama kidogo cha Libertarian akachukua 2.1 zilizowanyima wote wawili. Duru ya pili ikawa Desemba 6, Warnock akashinda kwa karibu kura laki moja.

Nikafuta vumbi kwenye jedwali, nikaandika 51. Desemba 9, yule yule Sinema aliyenitoa jasho 2018 akatangaza kujitoa Democrats na kuwa asiye na chama. Nikafungua faili tena, nikaongeza mstari.