Somo: Mjini Mwanza mti hauangushwi, unashushwa

Wengi mmeniomba nifundishe kukata mti kwa msumeno wa mnyororo. Sawa, ila msumeno wenyewe utachelewa kidogo kuingia kwenye somo hili. Ukiwa na mti kwenye kiwanja kitupu kule Buhongwa, unakata, unaanguka, umemaliza. Kazi zinazolipa mjini ziko milimani: Isamilo, Bugando, Igogo, Mabatini. Mti umeota kwenye ufa wa jabali, chini yake kuna bati la jirani, ubavuni unapita waya wa umeme, na njia ya kufika ni ngazi za mawe ambazo hata mkokoteni haupandi. Hapo hakuna pa kuuangushia. Unashushwa kipande kwa kipande, kwa kamba.

Vifaa, tuanze na kamba

Miaka yangu ya mwanzo nilinunua kamba Mwaloni, Kirumba, ile ya bluu ya wavuvi. Nyepesi, rahisi, inaelea majini. Inaelea kwa sababu ni polipropilini, na plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Siku moja Mabatini nikawa nashusha pande la mwembe, kamba nimeizungusha mara moja tu kwenye shina. Pande likaanza kukimbia. Nikasikia harufu kama ya ndoo iliyoegeshwa kwenye jiko la mkaa, kamba ikanata kwenye gome, ikakatika. Pande likapita kwenye bati la jiko la jirani, likatua kati ya sufuria ya maharage na mlango. Mwenye jiko alikuwa ametoka kuchota maji. Nililipa bati tatu na sufuria, na mdomo wake niliusikia kwa wiki nzima. Alikuwa na haki.

Tafuta kamba ya poliesta, unene wa milimita 12 au 13, iliyoandikwa uwezo wake. Ziwe mbili za rangi tofauti: moja ya mtu, nyingine ya mbao, na zisibadilishane kazi hata siku moja. Kamba ya katani iachie ng'ombe. Ikishanyeshewa mara kadhaa inaoza ndani huku nje inang'aa. Na fundo lolote unalofunga linapunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine kwa theluthi nzima.

Vingine nitavitaja haraka: hanesi ya kukaa mapajani na kiunoni (mkanda wa kiunoni peke yake utakuvunja mgongo), karabina (pete za chuma za kuunganishia kamba) zenye kufuli, kapi, helmeti, miwani, buti ngumu, na mkanda mfupi wa kuzunguka shina. Miiba ya chuma ya miguuni ni ya mti unaoondolewa tu. Mti unaobaki usiutoboe.

Hatua ya 1: Tembea chini kabla hujatazama juu

Zunguka mti mara mbili. Gonga shina kwa kisogo cha shoka. Likilia kama ngoma, lina uwazi. Uyoga mgumu kwenye kitako cha mti ni habari mbaya kuliko majani makavu. Kwenye majabali yetu udongo ni kiganja kimoja, mizizi inashika kwa kujipenyeza kwenye nyufa. Angalia upande mizizi ilikoingia: ikiwa yote imeelekea upande mmoja, mti huo tayari umeshaamua utalalia wapi.

Tazama pia wanaoishi humo. Nyuki, siafu, nyoka, na korongo wale wakubwa wenye vipara wanaoshinda majalalani. Kinyesi chao kikinyeshewa, tawi linateleza kama kambale.

Hatua ya 2: Umeme na ruhusa

Laini za mitaani huwa za volti 230 na 400, na zile za juu ni kilovolti 11 au 33. Hizi za juu hazihitaji uziguse. Tawi bichi likisogea karibu linatosha. Mimi sipeleki mwili, tawi wala chombo ndani ya mita 3. Pakihitaji kukaribia zaidi ya hapo, mwenye mti aende TANESCO wazime laini, na nisubiri mpaka wenyewe waseme imezimwa. Neno la mwenye nyumba kwamba "umeme umekatika tangu asubuhi" silipandii mti.

Ruhusa ianzie kwa mtendaji wa mtaa, naye atakuelekeza kama ni lazima ufike halmashauri, ya Jiji au ya Ilemela. Mti wa barabarani usiuguse kwa maneno ya mdomo.

Hatua ya 3: Chagua saa

Saa moja asubuhi mpaka saa tano. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na ukiwa mita 12 juu unausikia kabla ya mtu wa chini. Wakati wa mvua, anza kwa kuangalia ziwani: mawingu mengi hujikusanya usiku na kufika mjini alfajiri. Gome likiwa limelowa, kunywa chai, subiri.

Hatua ya 4: Andaa msumeno

Petroli lita 5, oili ya injini za tu-stroki mililita 100. Hiyo ni moja kwa hamsini, na ndiyo misumeno mingi ya sasa inataka, ila soma kitabu chake. Ukiona msumeno unatoa unga badala ya vijipande, ni butu. Noa kwa tupa ya duara, pembe ya nyuzi 30 kwa meno mengi, sukuma kwenda mbele tu, usirudishe. Hesabu: ukipiga tatu jino la kwanza, piga tatu yote, la sivyo utakata kwa kupinda. Na mnyororo ukigusa jabali sekunde moja tu, shuka ukanoe. Graniti haina msamaha.

Hatua ya 5: Juu ya mti

Kabla msumeno haujawaka uwe umefungwa sehemu mbili, kamba kuu (ile ya mtu) na ule mkanda mfupi, kwa sababu mnyororo unaweza kukata mmoja. Mikono miwili kwenye msumeno, usiupandishe juu ya bega. Ncha ya juu ya bapa, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, isiguse kitu. Hapo ndipo msumeno unapopiga teke, unarudi usoni kabla hujafumba jicho.

Tawi linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, uingie robo. Wa pili juu, mbele kidogo ya huo kuelekea ncha ya tawi, tawi linatoka bila kuchuna gome. Wa tatu unaondoa kisiki, ukiacha ule uvimbe ulioko kwenye maungio, kama mkunjo wa shingo ya mtoto mnene. Ukiukata huo umekata sehemu ambayo mti hujifungia kidonda. Kupaka rangi au lami hakusaidii.

Hatua ya 6: Kushusha

Hapa ndipo mafundi wengi wanajidanganya kwa macho. Pande la mwembe mbichi lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 3 lina kilo 200 hivi, magunia mawili ya mahindi. Likianguka mita moja kabla kamba haijakaza, linavuta mara kadhaa ya uzito wake. Kata fupi. Zungusha kamba kwenye shina, chini, mara mbili au tatu, anayeshika asimame pembeni, si chini ya mzigo, na asijizungushie kamba mkononi. Nikiwa juu nasema neno moja tu, "Naachia!", na sikati mpaka nimesikia "Achia!" kutoka chini. Makelele mengine yote ni ya wapita njia.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Naweza kutumia oili chafu ya pikipiki kulainishia mnyororo? Kijana wa Igoma.*

Marahaba mdogo wangu. Usitumie. Ina chembe za chuma zinazokwangua bapa, na inakurukia ngozi siku nzima. Oili iliyotumika ina vitu vya kusababisha saratani. Ukikosa oili yake, mafuta ya alizeti yanafanya kazi. Ila yakikaa wiki yanaganda kama gundi, kwa hiyo safisha jioni hiyo hiyo.

*Kaka, mwembe wangu umepasua ukuta. Nikate mizizi ya upande wa ukuta niuache mti? Mama wa Isamilo.*

Dada, pima unene wa shina. Mzizi mkubwa ulio karibu kuliko mara 3 hadi 5 ya unene huo usiguswe. Kwetu kwenye mawe huenda ndio pekee unaoushikilia mti. Ni nafuu kuvunja kipande cha ukuta na kuuruka mzizi kwa boriti.

*Mteja anataka tumkatie mwarobaini kichwa chote ili "upumzike". Ni sawa?*

Hautapumzika, utapaniki. Unachipua fimbo nyingi zilizoshikwa na ngozi tu, na baada ya miaka michache zinaanguka juu ya lile bati mlilokuwa mnaliokoa. Punguza ndani, usizidi robo ya majani kwa mara moja. Akikataa, mimi namwachia fundi mwingine.

*Nilikuwa nasafisha uzio wa minyaa, utomvu ukaniingia jichoni. Nimeambiwa maziwa yanasaidia.*

Maji safi, mengi, yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali leo hii. Utomvu wa mnyaa unaunguza kioo cha jicho. Maziwa kunywa. Na kesho miwani, hata kwa panga.

*Unapataje bei? Kwa urefu wa mti?*

Kwa kilicho chini yake. Mkaratusi wa mita 20 shambani ni rahisi kuliko mpapai mzee juu ya tangi la maji. Na kuni mkubaliane kabla. Nimeona watu wakigombana zaidi kwa kuni kuliko kwa mti. Wabeja kwa kuuliza.

*Nyuki wakianza wakati uko juu?*

Mngurumo na mtikisiko wa msumeno huwachokoza, uzime. Ukisikia harufu ya ndizi mbivu na hakuna mgomba karibu, nyuki mmoja ameshauma na anaita wenzake. Usipige mikono. Shuka kwa kamba yako kuu, ndiyo maana huwa naifunga tayari kwa kushukia kabla sijafanya lolote, na ukifika chini kimbia mpaka ndani ya nyumba, funga mlango. Usirukie ziwani; watakusubiri juu ya maji.