Kumtambua Calidris ferruginea mchanga kwenye kundi la vitwitwi

Calidris ferruginea (kwa Kiingereza Curlew Sandpiper) ni kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni anayehamahama. Anza na umri, spishi baadaye. Wazima hufika pwani yetu ya Kenya kuanzia mwisho wa Julai, manyoya yamechakaa na kifuani bado wana mabaka mekundu. Wachanga, walioanguliwa Siberia ya kaskazini mwaka huohuo, hufuata kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba. Manyoya yao yote yameota wakati mmoja, kwa hiyo mgongo ni safi na wa mpangilio, kama magamba ya samaki.

Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, nenda maji yakiwa yanajaa, muda wa saa mbili kabla hayajafika juu kabisa, jua likiwa mgongoni kwako. Maji yakishakupwa, ndege hutawanyika mbali, na darubini ya mkononi haikusaidii kitu.

Tazama unyoya mmoja wa mgongoni: katikati kijivu-kahawia, kisha uzi mweusi mwembamba, kisha ukingo mweupe. Shuka kifuani: rangi ya krimu inayokaribia chungwa, bila michirizi mizito, halafu tumbo jeupe. Jua la mchana hufuta rangi hiyo na tope huifunika, hivyo ukiikosa usimkatae ndege. Mdomo ni mrefu, umepinda kwenda chini, ingawa wa dume ni mfupi kuliko wa jike. Miguu mirefu humwezesha kuingia majini hadi tumboni.

Anayechanganywa naye zaidi ni Calidris minuta mchanga. Huyu ana urefu wa sentimita 12 hadi 14, ferruginea 18 hadi 23, lakini akiwa peke yake ukubwa hudanganya. Mtambue kwa mdomo mfupi ulionyooka, kingo nyekundu-kahawia, na mistari miwili myeupe mgongoni yenye umbo la V. Tena hudonoa juujuu, harakaharaka. Calidris alba hukimbizana na mawimbi kwenye mchanga wazi, na mgongo wake una madoa meusi na meupe.

Ukibaki na shaka, subiri waruke. Juu ya mkia wa ferruginea pana mkanda mweupe usiokatika. Minuta na alba wana mstari mweusi unaoupasua katikati. Vitabu vya Ulaya hukutisha na Calidris alpina, ambaye mchanga wake ana madoa tumboni. Huku Afrika Mashariki yeye ni nadra mno. Usimwandike bila picha.

Kuanzia Oktoba mgongo hugeuka kijivu polepole. Hapo hamia kwenye bawa lililokunjwa: manyoya madogo yenye ukingo mweupe hudumu huko baada ya mgongo kubadilika. Na wa kijivu utakayemkuta Juni kwa kawaida ni wa mwaka uliopita, maana wengi hawarudi kaskazini kabla hawajafikisha miaka miwili.