Kupanga chakula cha shule: anza darasani kabla ya jikoni

Mtu akiniuliza aanzie wapi kupanga chakula cha watoto shuleni namwambia usiende jikoni kwanza, nenda darasani. Kaa nyuma kama saa 4 asubuhi hivi uangalie tu, utamwona mmoja kalaza kichwa kwenye dawati, mwingine macho yapo ubaoni ila penseli haijagusa daftari toka kipindi kianze, mwalimu anamwita mara ya pili ndo anashtuka. Tunasema huyu mvivu, kumbe hajatia kitu tumboni toka jana jioni. Ubongo wa mtoto wa miaka 5 hivi unatumia karibu nusu ya nguvu zote za mwili wake kwa siku, sasa kama asubuhi hakijaingia kitu hesabu zitaingiaje?

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni muda. Kama uwezo ni wa mlo mmoja tu, mi nashauri uje mapema, kabla ya vipindi au mapumziko ya kwanza. Najua kamati nyingi zinabisha hapa, zinataka mlo wa mchana manake ndo mkubwa na ndo unaonekana, lakini masomo magumu mara nyingi yanawekwa asubuhi na yakipita yamepita.

Halafu kushiba sio kula vizuri, hili naomba tusikilizane. Sahani ya wanga mtupu inajaza tumbo tu, mtoto bado atabaki na upungufu wa damu, na mwenye damu kidogo anachoka upesi, hatulii kwenye somo, anaugua ugua. Vuta taratibu kope lake la chini uangalie kwa ndani, kama pamepauka badala ya kuwa pekundu mpelekeni akapimwe, msimpe vidonge kwa kukisia. Kwenye sufuria weka maharage au dengu, mboga za majani za kijani kilichokolea, na nyama au samaki hata kidogo ikipatikana. Ila kuna kitu wapishi wengi hawajawahi kuambiwa, madini chuma, yale yanayosaidia kutengeneza damu, ya kwenye maharage na mboga hayaingii mwilini kirahisi, yanasaidiwa na vitamini C, yaani kipande cha chungwa au limau au nyanya mbichi hapo hapo kwenye mlo sio jioni. Na chai msiwape pamoja na chakula kabisa, inazuia hayo madini, ipishane na mlo hata saa 1.

Mafuta kidogo kwenye mboga yanasaidia vitamini A iingie mwilini, na chumvi iwe yenye madini joto, itiwe mwishoni mwishoni mwa kupika.

Sasa minyoo. Mnaweza kupika vizuri mwaka mzima na watoto wasinenepe wala damu isipande, kwa sababu minyoo ya safura inawanyonya damu kila siku huko tumboni. Ulizeni kituo cha afya ratiba ya dawa za minyoo, kwenye maeneo yenye minyoo mingi huwa mara 1 au 2 kwa mwaka, ila bila choo safi, viatu na maji yenye sabuni kabla ya kula wataipata tena tu.

Na jamani, mtoto ambaye kwao hawajalipa mchango asikalishwe pembeni kuangalia wenzie wakila. Deni ni la mzazi, limalizeni na mzazi.

Mkishaanza, pimeni uzito na urefu mwanzo wa muhula na mwisho wa muhula muandike. Chukueni na daftari la mahudhurio mlinganishe siku zenye chakula na siku ambazo stoo ilikuwa tupu, mkikuta siku za stoo tupu watoto wengi hawakuja, hiyo karatasi ndo iwe ya kwanza kusomwa kwenye kikao cha wazazi kabla hamjagusa habari za michango.